KIDOLE TUMBO: TUACHE LAWAMA, TUACHE KUCHELEWA

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Kambu na vijiji vya jirani

  Tunajua ndengu na mbaazi zinangoja, kwa hiyo hatutazunguka sana.

Leo tumekuja kujibu swali la mama mmoja. Mama huyu ni mwanachama wa kikundi kama chenu. Mwanawe wa miaka 11 alishikwa na homa ya mafua: kikohozi, kichwa kuuma, mwili kuchoka. Baada ya siku 5 akapona, akarudi shuleni. Siku 2 baadaye akaanza kushika tumbo. Nyumbani walisema, "Ni homa ile imeshuka tumboni, itaisha." Akapewa dawa ya kuharisha. Akakandwa tumbo kwa mafuta. Usiku wa pili maumivu yakapungua ghafla, na watu wote wakalala wakishukuru. Kumbe kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Kulipokucha mtoto alikuwa na homa kali, na tumbo gumu kama ubao.

Alifika hospitali siku ya 3, akapasuliwa, akalala huko karibu wiki 3. Mbuzi wa nyumba ile waliuzwa karibu wote. Kijana yuko hai, na sisi sote tunashukuru. Lakini mama hakupata amani. Watu wa ukoo walisema ni yeye aliyemwacha mtoto ale mapera pamoja na mbegu zake. Wengine wakasema hakuchagua mawe katika ndengu. Basi akaja akatuuliza maneno mawili: "Je, ni mimi niliyemwumiza mtoto wangu? Na ile homa ya mafua iliyotangulia, haihusiki?"

Tulinyamaza, kwa maana hatukuwa na jibu. Tulimwahidi kwamba tutauliza madaktari na kusoma, kisha tutarudi. Leo tumerudi.

KIDOLE TUMBO NI NINI?

Mnajua kwamba tuna utumbo mwembamba na utumbo mpana. Pale unapoungana, chini upande wa kulia, pana kifuko chembamba kinachoning'inia. Kwa watu wengi kina urefu wa sentimita 5 hadi 10, yaani kama kidole cha mkono. Ndiyo sababu tunakiita kidole tumbo. Kifuko hiki kina mlango mmoja tu. Kinachoingia hapo lazima kitokee hapo hapo.

Zamani watu walisema hakina kazi. Siku hizi tunajua kwamba ukuta wake umejaa tezi ndogo ndogo, za aina moja na zile za kooni, na zile za kinena ambazo zikivimba twasema mtu ana mtoki. Kazi ya tezi hizi ni ulinzi. Adui akiingia mwilini, tezi huvimba kwa sababu zinapigana. Mtoto akiwa na mafua, mguse chini ya taya, utazikuta zimevimba.

Sasa fikirini. Tezi za shingoni zikivimba, zina nafasi. Zile za kidole tumbo ziko ndani ya mrija mwembamba. Zikivimba, mlango unaweza kuzibika. Ute unaotengenezwa humo ndani unakosa pa kupita. Bakteria ambao siku zote hukaa matumboni bila matata wanaanza kuongezeka. Kifuko kinafura, damu inashindwa kupita katika ukuta wake, na ukuta unaanza kuoza. Usipotibiwa unaweza kupasuka, mara nyingi baada ya siku moja na nusu hadi siku 3, na usaha ukamwagika ndani ya tumbo. Hapo ndipo maisha ya mtu huwa hatarini.

Mlango waweza kuzibwa na vitu vingine pia. Mara nyingi ni choo kilichokauka kikawa kama kijiwe. Wakati mwingine ni minyoo. Mayai ya kichocho, ugonjwa tunaoujua sana huku Makueni kwa sababu ya mito yetu, nayo yameonekana katika vidole tumbo vilivyokatwa. Na kwa wagonjwa wengi daktari hukuta uvimbe tu, bila kitu chochote cha kumwonyesha mtu kwamba hiki ndicho kilicholeta.

JE, NI MBEGU ZA MAPERA?

Hebu tuanze na lawama ya mapera, ili tuimalize. Mwaka 2011 madaktari wa Uturuki walichapisha hesabu yao. Walipitia kumbukumbu za wagonjwa 1,969 waliokatwa kidole tumbo, wakitafuta mbegu za matunda na mabaki ya mimea. Mbegu walizikuta kwa mgonjwa mmoja tu. Mabaki ya mimea yasiyosagika yalikutwa kwa wagonjwa 7. Wagonjwa 8 katika 1,969!

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mbegu haiwezi kamwe kuziba. Lakini mtu anayeona mtoto amepasuliwa akasema papo hapo, "Ni mapera ya mama yake," huyo anasema asilolijua. Watoto wote wa Kambu wanakula mapera. Wangapi wamekatwa kidole tumbo?

Na ugonjwa huu hauchagui. Mwaka 1902 Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza alikuwa atawazwe tarehe 26 Juni. Wageni wa dunia nzima walikuwa wamekwisha kufika London. Siku 2 kabla ya sherehe alipasuliwa kwa sababu ya usaha wa kidole tumbo, na kutawazwa kukasogezwa hadi tarehe 9 Agosti. Hatujasikia kwamba kuna mtu aliyemlaumu mama yake kwa mapera.

JE, NI HOMA YA MAFUA?

Hili ndilo swali la pili la yule mama, na kusema kweli ni swali la maana kuliko alivyodhani. Madaktari wa nchi nyingi wameliuliza.

Homa ya mafua huletwa na virusi. Virusi ni vidogo sana kuliko bakteria, na dawa za antibiotiki haziviui. Surua ni ya virusi. Mafua ni ya virusi. Kuharisha kwingi kwa watoto wachanga ni kwa virusi. Na virusi vinapoingia mwilini, zile tezi tulizozitaja zinavimba.

Ushahidi wa kwanza ni wa surua. Tangu miaka ya 1930 madaktari walieleza jambo la ajabu. Mtoto anapasuliwa kidole tumbo, na siku chache baadaye upele wa surua unatokea. Walipokitazama kile kidole tumbo kwa hadubini, walikuta ndani ya tezi zake chembe kubwa kupita kawaida, za namna ile ile inayoonekana kwa wagonjwa wa surua. Maana yake virusi vya surua vilikuwa vimefika katika kidole tumbo kabla upele haujaonekana kwenye ngozi. Baadaye alama za virusi vya aina nyingine zilikutwa pia katika baadhi ya vidole tumbo vilivyokatwa.

Ushahidi wa pili ni wa hesabu. Mwaka 2010 madaktari wa Dallas, Marekani, walitoa matokeo ya kupitia kumbukumbu za hospitali za nchi yao tangu 1970 hadi 2006. Waliona kwamba kidole tumbo hakikuja sawasawa kila mwaka. Ilikuwako miaka ya kupanda na miaka ya kushuka, kama yafanyavyo magonjwa ya kuambukiza. Tena kupanda na kushuka kule kwa miaka kulifanana na kwa homa ya mafua. Lakini walipotazama miezi, waliona tofauti: homa ya mafua huko hukithiri wakati wa baridi, na kidole tumbo huongezeka kidogo wakati wa joto. Kwa hiyo wakasema homa ya mafua yenyewe huenda si chanzo, ila huenda kuna virusi fulani vyenye mwendo kama huo.

Jambo la tatu tuliliona sote mwaka 2020, wakati wa korona. Shule zilifungwa, watu wakakaa nyumbani, na mafua ya kawaida yakapungua. Katika nchi kadhaa hospitali zilipokea wagonjwa wachache zaidi wa kidole tumbo kisichopasuka. Wako waliosema ni kwa sababu virusi vilikosa njia ya kuenea. Wengine wakasema hapana, wagonjwa waliogopa kuja hospitali, na ndiyo maana waliokuja walifika wamechelewa. Huenda yote mawili yana ukweli ndani yake.

Basi tuseme nini? Anayewaambia kwamba homa ya mafua huleta kidole tumbo kwa hakika, anazidisha. Anayewaambia kwamba hakuna uhusiano wowote, naye anazidisha. Ilivyo ni kwamba virusi vyaweza kuwa moja ya sababu. Vyaweza kuvimbisha tezi na kufunga mlango, na bakteria waliokuwa ndani wakafanya uharibifu. Lakini watoto wengi mno wanaugua mafua kila mwaka, na karibu wote wanapona bila kuguswa kidole tumbo. Mtoto akipiga chafya msianze kutafuta gari la kwenda hospitali!

DAKTARI WA MULAGO NA CHAKULA CHETU

Kuna jina moja linalofaa tulijue, kwa maana kazi yake ilifanyika hapa kwetu Afrika Mashariki. Ni Daktari Denis Burkitt, mtu wa Ireland, aliyepasua wagonjwa Uganda kwa karibu miaka 20 tangu 1946, kwanza Lira na kisha hospitali ya Mulago, Kampala. Yeye ndiye aliyeeleza mwaka 1958 ile saratani ya taya ya watoto ambayo sasa inaitwa kwa jina lake. Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Uganda hadi London, na mwaka 1964 wataalamu wa huko walivikuta na virusi vipya ndani yake. Kwa hiyo huyu alikuwa mtu aliyejua vizuri sana kwamba virusi vyaweza kuleta ugonjwa usiotazamiwa.

Lakini kuhusu kidole tumbo, Burkitt hakuvinyoshea virusi kidole. Alikuwa ameona kwamba ugonjwa huu ulikuwa haba sana kwa watu wa vijijini Afrika, ingawa huko Ulaya ulikuwa kila mahali. Aliandikia hospitali nyingi za misheni kuuliza, na majibu yakafanana na aliyoyaona. Mwaka 1971 akaandika kwamba sababu ni chakula. Watu wanaokula nafaka isiyokobolewa, maharagwe na mboga hupata choo laini na kingi. Watu wanaokula unga mweupe hupata choo kidogo na kigumu, na choo kigumu ndicho kinachoweza kuziba mlango.

Baadaye, mwaka 1985, Daktari David Barker wa Uingereza alisema chakula peke yake hakitoshi kueleza. Alionyesha kwamba kule kwao ugonjwa ulipanda sana mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kisha ukashuka, na kupanda na kushuka huko hakukufuata mabadiliko ya chakula. Yeye alifikiri hivi: nyumba zilipopata maji ya mfereji na vyoo vizuri, watoto hawakukutana na vijidudu mapema. Walikutana navyo wakiwa wakubwa kidogo, na tezi zao zikashtuka kupita kiasi.

Sasa hapo tunawaomba msikie vizuri, mtu asiende nyumbani akasema, "Tumeambiwa usafi unaleta kidole tumbo." Kuharisha na homa ya matumbo huua watoto wengi kuliko kidole tumbo. Choo, maji yaliyochemshwa na kunawa mikono kwa sabuni vinabaki kuwa kinga yetu ya kwanza. Tena kunawa mikono hupunguza virusi hivyo hivyo tunavyovizungumzia.

Kwa upande wa chakula, tunacho. Isyo ya mahindi na kunde, ndengu, mbaazi, mtama, wimbi, mboga za majani: vyote hivyo viko hapa hapa Ukambani. Tusivione ni chakula cha maskini eti kwa sababu mkate mweupe umefika sokoni. Na chanjo ya surua ipo, mtoto akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18. Chanjo ya kidole tumbo haipo. Kwa hiyo mtu anaweza kula vizuri, kunawa vizuri, kuchanja watoto, na bado siku moja kidole tumbo kikamshika. Hapo si kosa la mtu. Linalobaki mikononi mwetu ni saa.

DALILI ZA KUANGALIA

Mkisahau mengine yote ya leo, haya msiyasahau.

1. Maumivu mara nyingi huanza katikati, kuzunguka kitovu. Baada ya saa kadhaa huhamia chini upande wa kulia, na hapo hukaa na kuzidi. Si kila mgonjwa anapata hivi, lakini ukiona maumivu yamehama namna hiyo, amka.

2. Hamu ya chakula hupotea. Mtoto anayependa kula anakataa hata chai. Kutapika kwaweza kufuata, kwa kawaida baada ya maumivu kuanza.

3. Homa yaweza kuwapo, mara nyingi si kali mwanzoni. Kwa hiyo usitegemee homa.

4. Kutikisika kunauma. Mwambie mtoto akohoe au aruke mara moja. Anayekunja uso na kushika tumbo kulia, ana jambo. Mwaka 2012 madaktari wa Uingereza waliandika kwamba katika wagonjwa 34 waliothibitishwa kuwa na kidole tumbo, 33 walisema maumivu yalizidi gari lilipopita juu ya matuta ya barabarani. Sisi matuta tunayajua, na mashimo pia! Mgonjwa akilia kila bodaboda inaporuka, mwambieni daktari.

5. Maumivu yakiisha ghafla na mtu bado ni mgonjwa, msifurahi. Huenda kimepasuka. Yule kijana wetu, saa ile watu walipolala wakishukuru ndiyo ilikuwa saa ya hatari.

Ugonjwa huu huwashika zaidi walio na miaka 10 hadi 30, lakini yeyote anaweza kuupata. Watoto wadogo hawawezi kueleza vizuri, na wao hupasukiwa upesi. Wazee huumwa kidogo tu hata wakiwa hatarini. Kwa mama mjamzito maumivu yaweza kuwa juu zaidi kuliko kawaida. Na msichana au mwanamke anayeumwa chini ya tumbo asiambiwe tu, "Ni mambo ya kila mwezi." Mimba iliyotungwa nje ya mji wa mimba nayo huua, na inataka hospitali siku hiyo hiyo.

Na sasa turudi kwa homa ya mafua. Ni kweli kwamba mtoto mwenye mafua anaweza kuumwa na tumbo kwa sababu tezi za tumboni zimevimba, na maumivu hayo yakaisha yenyewe. Hata madaktari hushindwa kutofautisha wakati mwingine, wakamlaza mtoto na kumwangalia. Kama wao wanahitaji kuangalia, sisi kijijini tutajuaje? Neno "homa imeshuka tumboni" ndilo lililomchelewesha yule kijana. Kuanzia leo, mtu akilisema katika kikundi hiki, ajibiwe, "Basi apelekwe aonwe."

YA KUACHA NA YA KUFANYA

Msimpe dawa ya kuharisha, wala mafuta ya nyonyo, wala msimpige bomba. Utumbo unaosukumwa kwa nguvu waweza kupasua kifuko kilichooza.

Msimkande tumbo, wala msiweke kitu cha moto juu yake. Nyanya zetu walitukanda kwa upendo, na kwa maumivu mengine tulipata nafuu. Kwa hili, mkono wa upendo waweza kuumiza.

Msinunue dawa dukani mkangoja. Dawa ya maumivu yaweza kumtuliza mtoto njiani, lakini isiwe sababu ya kukaa siku nyingine. Wengine wamesikia kwamba siku hizi kidole tumbo hutibiwa kwa antibiotiki bila kisu. Ni kweli kwa baadhi ya wagonjwa. Huko Ufini walifuatilia watu wazima waliotibiwa hivyo, na ndani ya miaka 5 karibu 4 katika kila 10 walikuwa wamepasuliwa hata hivyo. Tena hao walipigwa picha kwanza kuhakikisha hakijapasuka, wakapewa dawa kwa mshipa wakiwa wamelazwa. Hiyo si sawa na vidonge vya dukani.

Msiridhike kwa kuambiwa "ni malaria" au "ni taifodi" bila mtu kulishika tumbo la mgonjwa. Ulizeni kwa heshima, "Daktari, je, yaweza kuwa kidole tumbo?" Kuuliza si ujinga.

Mfanye nini basi? Asile chakula, kwa maana huenda akapasuliwa. Akiwa na kiu, alowe midomo au anywe funda dogo la maji. Alale namna anayoona nafuu. Aandikiwe kwenye karatasi saa maumivu yalipoanza, yalipoanzia, na dawa alizopewa. Kisha aondoke siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

KAZI YA KIKUNDI

Wanachama, tukijiuliza kwa nini yule kijana alikaa siku 2 nyumbani, hatutapata mapera. Tutapata kwamba baba alikuwa kazini Nairobi. Pesa hazikuwapo. Mwenye gari alitaka alipwe kwanza. Mama aliogopa kuuza mbuzi bila ruhusa. Na hakuna aliyejua ni hospitali gani ina daktari wa kupasua usiku ule. Hayo yote ni mambo ambayo mwethya unaweza kuyatatua.

Kwanza, wekeni akiba ya dharura mbali na pesa za mzunguko. Iwe ya gari tu, na watu 2 wawe na ruhusa ya kuitoa bila mkutano. Mgonjwa haongojei mkutano.

Pili, patana mapema na mwenye gari mmoja au wawili, na bei ijulikane. Nambari zao za simu ziandikwe nyuma ya mlango wa kila nyumba.

Tatu, tumeni watu wakaulize sasa, wakati hakuna mgonjwa, ni hospitali gani inapasua na saa ngapi: Kambu, Makindu, Wote, au Mutomo kwa ndugu zetu walio ng'ambo ya Athi upande wa Kitui. Mvua ikinyesha huenda mto usivukike, kwa hiyo muwe na njia ya pili.

Nne, kila nyumba ijiandikishe katika bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, na ilipe mchango wake. Kujiandikisha mgonjwa akiwa tayari kwenye machela ni kukimbilia basi lililokwisha kuondoka.

Tano, akina baba, semeni leo mbele ya wake zenu: "Nikiwa siko, mtoto akiugua, uza mbuzi." Ni maneno machache, na yanaweza kuokoa mtu.

Yule mama tulimwendea kabla ya kuja hapa. Tulimwambia kwamba mapera hayana kesi. Tulimwambia pia kwamba homa ile huenda ilihusika na huenda haikuhusika, na kwamba kwa vyovyote hakuna mama awezaye kuzuia mafua yasiingie nyumbani. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Basi kosa lilikuwa la nani?" Tukamjibu kwamba kosa lilikuwa letu sote, sisi majirani tuliokuwapo tukisema itaisha. Akasema, "Hilo naweza kulikubali, maana hilo tunaweza kulirekebisha."

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Twendeni tukazibe ufa.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, watu husema kidole tumbo huletwa na nini? Baada ya mazungumzo haya tunaonaje?

2. Mtoto akianza kuumwa na tumbo saa 3 usiku, nani atapigiwa simu kwanza? Gari litatoka wapi? Pesa je?

3. Je, katika nyumba zetu mama ana ruhusa ya kumtoa mgonjwa hospitali bila kungoja baba?

4. Nani atakwenda kuuliza kuhusu hospitali zinazopasua, na ataleta jibu lini?

 Mkutano ujao tutaomba kila kikundi kituambie akiba yake ya gari imefika wapi.